Matembezi ya mbwa katika wilaya ya Derbyshire Dales: njia sita zikilinganishwa

Mtu anayetaka kumtembeza mbwa mashambani mwa Uingereza kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni wapi kwenye mandhari nzuri, lakini katika wilaya ya Derbyshire Dales swali hilo halimfikishi mbali, kwa kuwa uzuri umetapakaa kila upande. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: mbwa huyo akimwona kondoo hatua thelathini mbele yake, naye hajafungwa kamba, atafanya nini? Mwenye kulijibu kwa ukweli atakuwa ameshakata nusu ya orodha ya njia. Nusu iliyobaki ataichuja kwa kuangalia mwezi wa mwaka, nguvu za miguu ya mbwa, na uvumilivu wake mwenyewe mbele ya umati.

Wilaya hii imo katikati ya nchi, kati ya miji mikubwa ya Derby, Sheffield na Manchester, na miji yake yenyewe ni midogo: Matlock, Bakewell, Ashbourne na Wirksworth. Sehemu kubwa ya eneo lake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ambayo mwaka 1951 ilikuwa ya kwanza kutangazwa nchini Uingereza. Msomaji aliyezoea Serengeti au Tsavo aelewe mapema kwamba hifadhi hii ni ya namna nyingine kabisa. Haina lango la kulipia wala walinzi wenye bunduki, watu wanaishi ndani yake, na ardhi iliyo nyingi ni mali ya wakulima na mashirika, waliofuga kondoo na ng'ombe hadi kwenye ukingo wa njia. Mtembeaji anapita tu kwa haki aliyopewa na sheria, na mbwa wake anapita kwa masharti.

Masharti hayo ndiyo yanayozitofautisha njia kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo inafaa yaelezwe kabla ya njia zenyewe. Mbwa yeyote awapo mahali pa umma lazima avae kola yenye jina na anwani ya mwenyewe, na tangu Aprili 2016 lazima awe amewekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Kwenye njia za miguu zenye haki ya kupita hakuna sheria ya jumla inayolazimisha kamba, ila mbwa anatakiwa kuwa karibu na mwenyewe na kutii anapoitwa. Kwenye ardhi ya wazi iliyofunguliwa kwa umma kwa sheria ya mwaka 2000, yaani nyanda za juu na malisho yasiyolimwa, masharti ni makali zaidi: kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 31 Julai mbwa afungwe kamba isiyozidi mita 2, kwa ajili ya ndege wanaotaga ardhini, na karibu na mifugo afungwe kamba hiyo hiyo mwaka mzima. Wenye nyanda zinazofugiwa ndege wa kuwindwa wanaweza hata kuwazuia mbwa kabisa kwa kipindi kinachofikia miaka 5. Juu ya hayo yote kuna sheria ya mwaka 1953 inayomtia hatiani mwenye mbwa anayesumbua mifugo kwenye ardhi ya kilimo, na mkulima aliyempiga risasi mbwa wa namna hiyo anaweza kulindwa na sheria iwapo hapakuwa na njia nyingine ya kumzuia. Wageni wengi hudhani jambo hilo ni la kutishiana tu. Sivyo: kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba hata kama hakung'atwa, na hasara hiyo ni ya mtu.

Njia mbili za reli ya zamani

Kwa mbwa ambaye jibu la swali la kwanza ni "atamkimbilia", pa kuanzia ni njia zilizotengenezwa juu ya reli zilizofungwa miaka ya 1960, kwa sababu kwa sehemu kubwa zimetengwa na malisho kwa kuta za mawe na nyua. Zilizo maarufu ni mbili, nazo zinafanana kwa jina na kwa historia kuliko zinavyofanana kwa miguu.

Monsal Trail ina urefu wa kilomita 13.7, kutoka Bakewell hadi Blackwell Mill katika bonde la Chee Dale. Reli yake ilipitishwa mabondeni humu na kampuni ya Midland katika miaka ya 1860, na treni za kati ya London na Manchester zilipita hapa hadi mwaka 1968. Mtembeaji anapita juu ya daraja refu la mawe la Headstone, lililo juu sana ya mto Wye, kisha anaingia katika mahandaki ya reli yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2011, ambayo huwashwa taa mchana. Njia ni pana na tambarare, imetandazwa kokoto zilizosagwa, haina hata ngazi moja, na ina mikahawa pale zilipokuwa stesheni za Hassop na Millers Dale. Kwa mbwa mzee, mbwa mwenye maumivu ya viungo, au mtu anayesukuma kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto huku ameshika kamba, hakuna njia katika wilaya hii inayoipita.

Kasoro yake ni baiskeli. Siku ya Jumamosi ya jua wapanda baiskeli hupita kwa makundi, na kamba ile ndefu inayojivuta yenyewe huwa ni mtego unaokatiza njia nzima, kwani mwendesha baiskeli haioni mpaka amekwisha kuigonga. Kwa hiyo njia isiyo na kondoo inageuka kuwa njia inayohitaji kamba fupi, na aliyekuja akitarajia kumwachia mbwa wake akimbie ataondoka amenuna. Mahandaki nayo yana watu wao na mbwa wao: wako mbwa wanaoingia bila kusita, na wako wanaokataa katakata kwa sababu ya giza, matone ya maji na mwangwi wa sauti za watoto wanaopiga kelele makusudi. Ni busara kujaribu handaki moja kabla ya kupanga safari inayovuka yote. Kwa upande mwingine, siku ya joto kali ndani ya mahandaki ni baridi, na siku ya mvua ni makao.

Tissington Trail inaanzia Ashbourne na kwenda kaskazini kilomita 21 hadi Parsley Hay, mahali inapoungana na High Peak Trail, njia nyingine ya reli inayoteremka hadi karibu na Cromford. Reli ya hapa ilifunguliwa mwaka 1899, ikafungwa, na mwaka 1971 ikafunguliwa tena kama njia ya matembezi. Haina daraja la kustaajabisha kama la Headstone, na nusu yake ya kaskazini imo juu ya uwanda ulio wazi ambako upepo unavuma bila kizuizi na kivuli ni haba. Hata hivyo, kwa mbwa mwenye nguvu nyingi na mwenyewe anayependa kimya, ndiyo ninayoipa alama za juu kuliko Monsal Trail. Ukishapita kijiji cha Tissington na kuendelea kwa saa moja, wapanda baiskeli hupungua, unaona mbele mbali sana, na mbwa anayeitika anaweza kuachiwa na kuitwa tena kabla mtu hajafika. Siku moja tu ya kuiepuka sehemu ya kusini ni wakati wa sikukuu ya Kupaa, ambapo kijiji cha Tissington hupamba visima vyake kwa picha zilizotengenezwa kwa petali za maua, na magari hujaa hadi barabarani. Ni desturi nzuri ya kutazama, lakini bila mbwa.

Upana wa njia una faida nyingine ambayo vitabu vya matembezi huisahau. Familia nyingi za Waswahili wanaoishi Sheffield, Derby na Leicester hutoka mwishoni mwa juma zikiwa na watoto au wazazi waliokulia mahali ambapo mbwa ni wa kulinda nyumba na si wa kukumbatiwa. Wengine wanaogopa, wengine wanatunza udhu wao na hawapendi kunuswa. Kwenye njia ya reli mwenye mbwa anaweza kuhama upande mmoja na wao wakapita kwa raha zao. Kwenye vijia vya mabondeni, ambavyo ndivyo vinavyofuata, mara nyingine hakuna pa kuhamia.

Dovedale au Lathkill Dale

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kweli. Yote mawili ni mabonde ya mawe ya chokaa yenye mto mwangavu, yote yanatajwa katika kila orodha, na yote mawili yanafaa kwa mbwa anayetembea vizuri kwa kamba. Tofauti zake lakini ni kubwa kuliko picha zinavyoonyesha.

Dovedale lipo mpakani: mto Dove unatenganisha Derbyshire na Staffordshire, na sehemu kubwa ya bonde inatunzwa na shirika la National Trust. Matembezi ya kawaida yanatoka kwenye maegesho ya upande wa Ilam, yanapita mawe ya kuvukia mto yaliyo chini ya kilima cha Thorpe Cloud chenye mita 287, kisha yanafuata mto katikati ya nguzo za miamba na mapango hadi kijiji kidogo cha Milldale. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 10. Njia imejengwa vizuri, na mpando wa maana ni mmoja tu, wa ngazi za mawe. Mawe ya kuvukia ndiyo yanayovuta umati, na ndiyo pia yanayosababisha matatizo: watu wanapishana juu ya jiwe moja, mbwa anavuta kuelekea majini, na mvua ikiwa imenyesha sana mto huyafunika. Kuna daraja dogo la miguu karibu na maegesho linaloruhusu kufuata ukingo wa pili bila kuyagusa mawe hayo, na kwa mwenye mbwa mkubwa ningeshauri daraja kila mara. Anayetaka kupanda Thorpe Cloud ajue kwamba kondoo hulisha mlimani humo, na kwamba mawe ya kileleni yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yakawa laini kama sabuni.

Lathkill Dale limo ndani kabisa ya wilaya, kati ya vijiji vya Over Haddon na Monyash, umbali wa kama kilomita 6, na ni sehemu ya hifadhi ya mazingira ya kitaifa iliyochukua jina la mabonde haya. Hakuna umati wa mawe ya kuvukia. Badala yake kuna mto wenye tabia yake: maji hutoka kwenye pango la juu wakati wa masika na majira ya baridi, kisha kiangazi sehemu ya juu ya mto hukauka kabisa, maji yakapotea ardhini ndani ya chokaa na mifereji ya migodi ya zamani ya madini ya risasi. Mabaki ya mgodi wa Mandale bado yanaonekana, na mashimo ya migodi ni sababu nzito ya kutomruhusu mbwa achepuke kwenda kuchimbachimba msituni. Mwezi wa Juni huchanua hapa ua la buluu adimu sana nchini Uingereza, ambalo katika bonde hili bado linaota porini, na linastahili lisikanyagwe.

Kwa miguu, bonde hili ni gumu kuliko Dovedale. Sehemu ya karibu na Monyash ina rundo la mawe yaliyoanguka kutoka kwenye machimbo ya zamani, na chokaa ikilowa huteleza vibaya. Mbwa mdogo atahitaji kubebwa mahali pawili au patatu, na mbwa mzee asipelekwe huko kabisa. Nyasi za upande wa juu mara nyingi huwa na ng'ombe. Anayetaka starehe bila shida aanzie Over Haddon na kugeuza anapofika pangoni. Njia hiyo fupi ndiyo ninayoiona bora kuliko zote za mabondeni kwa mbwa mtulivu, kwa sababu siku za kazi unaweza kutembea muda mrefu bila kukutana na mtu, jambo ambalo Dovedale halikupi isipokuwa asubuhi sana.

Katika mabonde yote mawili, miti mingi ya Ulaya iitwayo "ash" inakufa kwa ugonjwa wa kuvu, na vipande vya njia hufungwa mara kwa mara ili miti ikatwe isije ikaangukia watu. Mabango ya mwanzo wa njia yasomwe.

Kuhusu kuogelea, ushauri wangu utawaudhi wengi. Dawa za viroboto na kupe zinazodondoshwa shingoni mwa mbwa zina kemikali kama fipronil na imidacloprid, ambazo zimegunduliwa katika mito ya Uingereza na ambazo ni sumu kwa wadudu wa majini wanaoliwa na samaki. Mito ya Dove na Lathkill inajulikana kwa samaki wa trauti na uwazi wa maji yake. Mbwa aliyetiwa dawa hiyo karibuni basi na akae nje ya maji. Kiu yake itulizwe kwa chupa na bakuli.

Stanage Edge

Kaskazini mwa wilaya, juu ya kijiji cha Hathersage, mawe ya chokaa yanakwisha na jiwe gumu la mchanga linaanza. Stanage Edge ni ukingo wa mwamba unaoenea kama kilomita 6, ambao sehemu yake ya juu zaidi inafikia mita 458, na chini yake yametapakaa mawe ya kusagia yaliyochongwa zamani na kuachwa bila mnunuzi. Mandhari yake inazishinda njia zote zilizotajwa. Kwa mbwa, hata hivyo, ni njia yenye masharti mengi kuliko zote: mapema mwaka, kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai, kamba ya mita 2 ni ya lazima kwenye ardhi ya wazi, kondoo huzurura bila ua, ukingo hauna kizuizi, na mbwa anayemfukuza ndege hajui pa kusimama. Siku za jua za masika nyoka wa sumu wa jamii ya kipiri huota jua kwenye nyanda hizi za mashariki, na mbwa huumwa puani au mguuni kwa sababu ya udadisi; akiumwa abebwe, asitembezwe, apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Kupe nao ni wengi kwenye magugu marefu, na wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme kwa mbwa na kwa mtu pia, kwa hiyo wote wawili wakaguliwe jioni.

Baada ya orodha hiyo ya vitisho inaweza kuonekana ajabu kwamba naipendekeza, lakini naipendekeza, kwa miezi ya Agosti na Septemba. Ndege wamemaliza kulea, nyanda zimegeuka zambarau kwa maua, hewa ni baridi, na mbwa imara aliyefungwa kamba ya kiunoni, mkono wa mwenyewe ukiwa huru, anapata kilomita nyingi za harufu mpya.

Chatsworth, na neno moja kuhusu Carsington

Uwanja wa Chatsworth, wa familia ya Duke wa Devonshire, hutembelewa bila kiingilio ukiacha nyumba yenyewe, bustani na maegesho. Kati ya Baslow na Calton Lees njia inafuata mto Derwent juu ya nyasi fupi, haina ugumu wowote, na kila mbwa lazima awe na kamba kwa sababu kulungu na kondoo hulisha pamoja wazi kabisa. Ni mahali pazuri pa kumfundisha mbwa mchanga kuwaona wanyama bila kuwarukia, mradi kamba ishikwe imara. Bwawa la Carsington, lililofunguliwa mwaka 1992, lina njia ya kama kilomita 12 inayolizunguka. Ni safi, ina vyoo, na haina msisimko. Maji yaliyotuama kiangazi yanaweza kuota mwani wa buluu-kijani ulio sumu kali kwa mbwa, hivyo mwenye mbwa apendaye maji aende kwingine.

Mambo ya msimu, ng'ombe na usafiri

Miezi ya Machi hadi Mei ni ya kuzaliwa kwa wanakondoo, na hapo ningebaki kwenye njia za reli bila kuona nimekosa kitu. Kuanzia Mei hadi vuli hatari kubwa huwa ng'ombe wenye ndama, ambao humchukia mbwa kuliko mtu. Wakikujia, mwachie mbwa kamba: yeye atakimbia na kuwaponyoka, wewe uliyemshikilia ndiye utakayekanyagwa. Kinyesi cha mbwa kiokotwe hata malishoni, kwa kuwa kinaweza kubeba vimelea vinavyoharibu mimba za ng'ombe. Mfuko ubebwe hadi kwenye pipa, usitundikwe ukutani. Jambo jingine la kuangalia kwenye ramani ni kuta. Vijia vinavyounganisha njia hizi hupita kwenye mianya myembamba iliyoachwa kati ya nguzo mbili za mawe, au kwa ngazi za mawe zilizochomekwa ukutani. Mbwa wa kilo 35 asiyejua kuruka atakusimamisha hapo, na njia za reli pekee ndizo zinazokuepusha na hilo tangu mwanzo hadi mwisho.

Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni, na mabondeni giza hutangulia, kwa hiyo safari ya Milldale na kurudi ianze kabla ya saa tano asubuhi. Asiye na gari asikate tamaa. Katika treni za Uingereza kila abiria huruhusiwa mbwa wawili bila nauli, na treni za kati ya Sheffield na Manchester zinazosimama Hathersage zinakuacha kama kilomita 3 chini ya Stanage. Kutoka Derby, treni ya Matlock inasimama Cromford, karibu na mwanzo wa High Peak Trail, na kutoka Matlock basi huenda Bakewell, ilipo Monsal Trail. Ndani ya basi, kumkubali au kumkataa mbwa ni uamuzi wa dereva, na dereva humtazama mbwa kabla ya kumtazama mwenyewe: aliyetoka Lathkill akiwa na tope hadi tumboni apanguswe kwanza kituoni. Dovedale ndilo gumu kulifikia bila gari, na kwa asiye nalo, hilo peke yake linatosha kuchagua Lathkill, ambalo kutoka Bakewell unafika kwa miguu ndani ya saa moja hivi.